Jirani Aliyeyaona Matairi Yangu

Mshauri wetu, shikamoo. Jina langu usilitoe, mimi ni mwalimu hapa Ifakara na hili jambo nimeshindwa kumwambia hata mke wangu, nina kigari ambacho kila Jumamosi nakiosha mwenyewe na matairi nayapaka mafuta meusi mpaka yanang'aa, mtaa mzima wananijua kwa usafi, sasa mwezi wa tano jirani yangu Obadia, fundi wa pancha, alinikuta naosha, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi la mbele na kusema, "Mwalimu, haya yamekwisha, usiende nayo mbali," mimi nikaona ni wivu kwa kuwa yeye ana baiskeli, na wiki iliyofuata nikampakia mke wangu Leticia na mama mkwe kwenda Mlimba kwenye kipaimara, tulipofika karibu na Michenga tairi lile likapasuka, gari likaingia kwenye shamba la mpunga, mama mkwe akatoka mzima ila Leticia akavunjika mkono, watu wakauliza imekuwaje, nami kwa aibu nikasema kuna mtu aliyatamkia maneno matairi yangu, wakauliza nani, nikamtaja.

Mama mkwe ameifikisha habari mpaka kwenye jumuiya yetu ya kanisani, watu wamehamishia baiskeli zao kwa fundi mwingine, watoto wamekatazwa kucheza kwa Obadia, Jumapili mkewe alitusalimia na Leticia hakuitikia, na sasa nasikia wanafungasha warudi kwao Malinyi. Je, nikae kimya mpaka wahame, au kuna namna ya kumsafisha bila kujichafua? Gari bado natembelea, tairi moja nimeweka la spea na yale matatu nimeyaosha vizuri.

Mwalimu K., Ifakara

JIBU

Mwalimu, pole kwa mkono wa mkeo. Pole nyingine sina.

Obadia hakulitamkia tairi lako neno, alikusomea tu kilichoandikwa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Kashata, yaani yale meno ya tairi, zikilika mpaka zikalingana navyo, tairi limekufa, hata kama linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Likipita miaka sita fundi alikague kila mwaka, likifika kumi litoke. Ukiona ufa, uvimbe au nyuzi, usingoje tarehe. Na la spea nalo linazeeka.

Kuosha si kosa. Osha kwa maji na sabuni, toa mawe yaliyokwama, achana na mafuta yanayokufichia nyufa. Kisha pitisha kiganja hadi ubavu wa ndani, ambao nadhani hujawahi kuugusa kwa sababu mtaa hauuoni.

Sasa hilo la kumsafisha bila kujichafua, halipo. Jina lake ulilitaja mbele za watu, utalisafisha mbele za watu. Mwambie Leticia leo, asikie kwako kwanza. Jumuiya ikikutana, simama mbele ya mama mkwe useme: "Obadia alinionya, nikampuuza, tairi likapasuka, nikamsingizia." Keti hapo hapo. Ukianza kupamba utamtaja mtu mwingine.

Gari liegeshe. Nenda kwa Obadia kwa miguu, umwombe msamaha, na akikubali, mwombe akuchagulie matairi manne. Akikataa na kuamua kuhama, usimlaumu. Msaidie kubeba mizigo mpaka stendi, ila isiwe kwa gari lako.