Kadi Niliyoibakiza

Mama Neema wangu,

Leo amekuja yule binti wa Kikenya kutoka chuoni, kulichukua boksi lako la kadi za kompyuta. Nimempa, kama ulivyoagiza. Lakini nimekuibia kadi moja, na sina wa kumwungamia ila wewe.

Unakumbuka ugomvi wetu wa kwanza hapa ugenini, Etobicoke? Mimi mjuaji nikaona makadi yamejaa matundu, nikadhani takataka, nikaandika orodha ya sokoni nyuma ya moja. Weee! "Baba Neema, hii ni kazi yangu ya miaka miwili, wewe unaandika vitunguu!" Ukanikalisha chini. Kila kadi ni mstari mmoja wa programu yako, ile ya kugeuza maneno ya watu yawe amri za kompyuta. Ikikosekana moja, mashine inagoma. Ukanionyesha mstari mwekundu ulioupiga mshazari juu ya rundo zima, ili kadi zikianguka ujue pa kuzirudisha. Wenzako kazini, wanaume watupu, walikucheka lafudhi, ila mambo yakikwama walikuja mbio kwako. Nilijivuna mimi, utadhani nimeiandika mwenyewe.

Mwaka jana, wiki ile kabla hujalazwa hospitali usikorudi, karatasi ziliisha jikoni. Ukachomoa kadi wewe mwenyewe, ukaandika nyuma yake, ukanitishia kwa kidole: "Ukitoka dukani, irudishe mahali pake."

Niliirudisha, mke wangu. Imekaa mahali pake mpaka leo asubuhi. Binti alipobisha, mkono wangu ukaichomoa.

Akapitisha kidole kwenye mstari mwekundu, akasimama. "Mzee, hapa kuna kadi imepotea. Bila hiyo programu haitaenda." Nikamwambia labda ilianguka zamani. Uongo, na uzee huu! Ameondoka na kazi ya ujana wako ikiwa na pengo, na mwenye kosa ni mimi. Nisamehe. Neema hupiga simu kutoka Pickering kila Jumapili, nami humwambia sijambo. Si kweli. Nyumba imenishinda, Mama Neema. Hakuna hata wa kunigombeza.

Kadi ninayo hapa. Mwandiko wako umelala upande, kama kawaida: *Vitunguu, mkate. Baridi imeanza, vaa koti. Urudi mapema.*

Basi alasiri nimevaa koti. Nimenunua mkate na vitunguu. Nimerudi mapema. Nikabisha hodi mlangoni mwangu mwenyewe, nikasimama nikisubiri unifungulie.

Mumeo,
Baba Neema