Mkono wa Kushoto wa Papa Anselme

Papa Anselme,

Wiki ya sita hii tangu tukuzike, na mimi bado namdanganya mke wako.

Mama Albertine aligoma kula siku ileile tuliyorudi makaburini. Fufu, samaki, vyote alisukuma. Macho yake unayajua, ukungu mtupu, hatofautishi sura. Siku ya nne nikakaa kwenye piano yako, ile uliyoikuta humu haitoki mlangoni, na kwa ajili yake tu ukachukua flati hii ya Greyville, Durban, nikapiga. Akala. Tangu hapo kila saa kumi jioni napiga, anakula, ananiita kwa jina lako. Sijamsahihisha. Siku nyingine hata nakohoa kama wewe.

Ila mkono wangu mfupi. Swing yako, ile jazi ya kubembea uliyoiiba kwenye santuri za hoteli ya Wazungu, ilikaa mkono wa kushoto: kidole kidogo chini kabisa, gumba huko mbali, vyote kwa pamoja. Mimi navunja, nota moja, halafu nyingine. Ulinicheka: "Wewe unabisha hodi, mimi nimeshaingia."

Alhamisi lori lilinichelewesha kazini Clairwood. Nafika giza linaingia, nakutana kwenye ngazi na yule jirani Mtanzania wa chini, anayegonga dari kwa ufagio. "Eish, kaka, leo umezidi! Saa nzima piano!" Nikamwomba radhi. Nikapanda mbio.

Ndani, sahani tupu. Mama anapangusa midomo. "Leo haukuvunja hata moja. Iko bien, vizuri kabisa."

Nikaiosha ile sahani mara mbili.

Kesho yake nikasimama nje ya mlango, saa kumi. Nikasikia mwenyewe. Mkono mmoja tu, wako wa kushoto. Sehemu ya kulia aliiimba Mama.

Na jana ameniomba viatu vyake vya dansi. Papa, ulinisimulia: kule Lubumbashi alivivua, akakungoja kando ya jukwaa hadi wimbo wa mwisho, ule wa polepole wa kuwaambia watu waende kwao. Akiusikia anavaa, mnaondoka wawili.

Sibishani na mume wa mtu. Lakini ule wa polepole, tafadhali, usiupige. Durban nzima ni yeye tu anayeniuliza kama nimekula, hata akikosea jina.

Viatu nimemwambia sivioni. Ni uongo mwingine, uandike kwangu.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi sichelewi tena: kila saa kumi utanikuta nimeshakikalia kiti cha piano.

Kasongo