Kipepeo wa Bungu

Zaina mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Bungu hatujambo, bibi yako anavuna maharage. Umeniuliza uandike nini kwenye shindano lenu la haiku, yale mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu.

Ujanani, kikundi chetu cha haiku kilitembea hapahapa kutafuta la kuandika. Tulipishana na mama yangu, nikamwamkia, kisha nikakimbilia kipepeo. Jioni tukashindanisha tulichoandika, na mgeni kutoka Handeni, aliyekuwa ametembea nasi, akasoma mistari yake mitatu:

Kuni kichwani,
kisigino cha mama,
damu njiani.

Nilimuuliza ni mama yupi.

"Yule uliyemwamkia," akanijibu.

Sikungoja matokeo, nilikimbia nyumbani. Nilimkuta mama anapika, mguu ameufunga kitambaa. Akaniuliza kama yule kipepeo nilimpata.

Ni mimi babu yako.