Nilipeleka Mkono, Sasa Wanataka na Masikio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko, mimi niliishia darasa la nane kama wasichana wengi wa kwetu Wahuteri, sisi Wakristo tunaoishi shambani kwa jumuiya na mali yote ni ya pamoja, na gazeti lenu hutufikia likiwa limeshasomwa na watu wa zizi la nguruwe, ila ukurasa wako siukosi. Nina miaka ishirini na minne, mume wangu Eli ni fundi wa matrekta, na mtoto wetu wa kwanza, Justina, ana miaka minne na anashinda shule ndogo na wenzake kumi na mmoja chini ya Bibi Kathrina.

Mwezi wa tisa Bibi Kathrina alitoa trei ya mikate kwenye oveni akaiweka juu ya benchi, Justina akaja akabandika kiganja chake cha kulia, na Bibi anasema alimkataza mara tatu, "Justina, acha, Justina, usiguse," mtoto hata hakugeuka, basi wote wakasema huyu ana kichwa kigumu, na mimi, Mungu anisamehe, wiki hiyohiyo nilimchapa kwa ukaidi, mkono ukiwa bado na bendeji.

Kidonda kilipona lakini kovu linavuta vidole, kiganja kinajikunja kama jani kavu, na tukisali kabla ya kula wenzake wanakutanisha viganja, yeye chake hakifiki. Hospitali ikatupeleka kwa mtaalamu wa mikono huko mjini, mama mmoja mpole anaitwa Maureen, humpa Justina udongo laini wa kufinya, na ametutengenezea gango la plastiki la kunyoosha vidole, alale nalo usiku kucha. Hapa ndipo nina jambo ambalo hata Eli halijui, maana yeye hulala kama gogo. Justina akivalishwa hulia, na nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, basi mimi humvua, asubuhi namrudishia, na Maureen akiniuliza namwambia analala nalo.

Sasa mara ya mwisho Maureen alisimama nyuma ya Justina wakati anafinya udongo wake, akamwita, kimya, akamwita tena, kimya, akapiga makofi, kimya. Kisha akaniangalia mimi, si mtoto.

"Mama Justina, nyumbani ukimwita akiwa amekupa mgongo, huitika?"

Nikasema huitika. Akaandika kitu kirefu kwenye faili, halafu akanipa karatasi kwamba Alhamisi ya wiki ijayo nimlete apimwe usikivu, chumba cha pili kutoka kwake.

Mimi nilipeleka mkono, masikio yameingiaje? Moyo unaniambia ameshajua habari ya gango na haya masikio ni mtego tu, wajaze faili waseme mama huyu hafai, na wewe unajua watu wa dunia, wa nje ya jumuiya, wanavyotusema sisi. Nilipomwambia Eli alicheka, "Alhamisi hii masikio, Alhamisi ijayo watataka pua." Bibi Kathrina naye, "Mwanangu, huyo anasikia vizuri sana, ila husikia anapotaka. Kengele ya chakula ikilia si anakimbia na wenzake?" Na ni kweli mshauri, kengele ikilia anakimbia, wakiimba anachezesha midomo, wakisimama anasimama, kiziwi gani wa hivyo? Tena gari siwezi kujichukulia, magari ni ya jumuiya, lazima nimwombe msimamizi, na nikiomba mara hii jumuiya nzima itajua kabla ya kahawa ya saa tisa kwamba mtoto wa Eli ana kasoro nyingine. Karatasi nimeificha ndani ya gunia la manyoya ya bata bukini. Mimi nina tumaini kwamba ni utundu tu na utaisha. Niende, au niache?

Mama Justina, Alberta

JIBU

Mama Justina, mwandiko wako unasomeka vizuri. Barua yako nimeirudia mara mbili, kwa sababu mengi ninayotaka kukuambia umeshayaandika mwenyewe bila kuyaona.

Unamshuku Maureen. Sasa hebu niambie, kati yenu wawili nani amemdanganya mwenzake? Ukishamficha mtu jambo, kila akishika kalamu unadhani anakuandika wewe. Huyu mama alimwita mtoto mara mbili, akapiga makofi, mtoto hakugeuka, naye akaandika alichokiona. Ningemshangaa kama angenyamaza.

Rudi kwenye ile trei. Mtoto mkaidi wa miaka minne humtazama mkubwa usoni kwanza, ndipo aguse. Wa kwako hakugeuka. Na hiyo kengele mnayoitegemea, fikiri vizuri. Kwenu kila jambo hufanywa na wote kwa wakati mmoja. Kumi na mmoja wakisimama, wa kumi na mbili ana haja gani ya kusikia? Macho yanamtosha. Ndiyo maana hakuna aliyegundua, na hilo si kosa lako wala la Bibi Kathrina. Kosa litakuwa lako karatasi ikibaki kwenye manyoya.

Mimi si daktari. Huenda ni nta, huenda ni maji ndani ya sikio, nayo hutibika, huenda ni jambo kubwa zaidi, na huenda si kitu. Kipimo hakiumi. Kwa umri wake mara nyingi huvalishwa vitu vya kusikilizia, kisha kila akisikia mlio anatupa kibao ndooni, kama mchezo. Wewe kaa mahali asipoweza kuuona uso wako, maana huyo atakusoma.

Itoe karatasi leo. Mwambie msimamizi una miadi ya hospitali na ukomee hapo. Eli aje na utani wake, mtoto acheke njiani. Mkifika, kabla Maureen hajaugusa mkono, mwambie ukweli kuhusu gango. Ameshasikia uongo huo kwa akina mama wengi kabla yako, na huenda linabana tu, alipashe moto alikunje upya. Lakini ukiendelea kumwambia mtoto analala nalo, ataona kovu linakaza licha ya gango, na atakachofikiria baada ya hapo ni kisu. Hutaki kiganja hicho kipasuliwe kwa sababu uliona haya.

Na kile kichapo. Huenda ulimwadhibu kwa neno ambalo halikumfikia. Sikuambii ili ulie. Kuanzia leo usimwite Justina kutoka nyuma. Nenda mbele yake, mguse bega, ngoja akutazame, ndipo useme. Neno la kwanza utakalomwambia hivyo liwe pole.