Uji wa Doto

Jumatatu, 3 Machi

Neema, acha ukaidi. Nimemwambia huyu mke wa mwanangu tangu asubuhi, hasikii. Mapacha wa miezi mitatu wananyonya tu, hata maji hawaonji. Eti nesi kasema mpaka miezi sita. Nesi mwenyewe hajazaa. Mimi nimezaa saba. Kulwa anashiba, Doto analia. Mtoto anayelia ana njaa. Maziwa ya mtu mmoja yatoshe wawili? Wapi.

Jumatano, 5 Machi

Neema karudi kwenye kazi yake ya kuanika dagaa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakotua. Kakamua maziwa yake, kayafunika, kaniachia na wajukuu. Yote nimempa Kulwa. Doto nimempikia uji mwepesi wa mtama. Vijiko vitano. Kalala hapo hapo. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Uji tena. Neema karudi, shikamoo mama, Doto siku hizi ametulia. Marahaba. Nimecheka moyoni.

Jumatatu, 10 Machi

Doto anaharisha. Mara sita tangu alfajiri. Macho yameingia ndani. Nimegombeza nzi, nimegombeza kuku, nimemgombeza Neema kwamba hanawi mikono.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Kwenye mizani Kulwa kapanda, Doto kashuka. Tumbo moja, mama mmoja. Nesi akauliza nani kampa mtoto kitu. Neema akatazama chini. Anajua, sufuria kaiona. Kanisitiri. Hilo limeniudhi kuliko yote. Mimi nisitiriwe na binti wa juzi?

Nikasema, "Ni mimi. Uji."

Nesi hakunifokea. Bora angefoka. Kasema mtoto akinyonya sana ndipo maziwa yanakuja mengi, akijazwa uji hanyonyi, nayo yanapungua. "Bibi, ulikuwa unampunguzia, siyo kumwongezea."

Doto kapewa dawa. Nimerudi nyumbani nimembeba mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimezaa saba. Waliokua ni sita. Masanja wangu aliharisha hivi hivi, umri huu huu. Tukasema ni jicho la jirani. Yule mama sikumsalimia mpaka anakufa.

Uji wa Masanja nilipika mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Doto hajaharisha tangu juzi. Ananyonya kwa nguvu. Ile sufuria ya uji leo nimepikia mchicha.

Jumatatu twende wote mwaloni. Mimi na mkeka kivulini, wajukuu pembeni yangu. Akilia mmoja, Neema aache dagaa aje. Na Doto anyonye kwanza.