Aliyetunawisha Mikono

Tuku, acha hilo jiko usome hapa. Nimetoka kuaibika sasa hivi.

Si unajua wameniweka kwenye kamati ya kudhibiti rushwa kwa maafisa probesheni? Leo tulikuwa Chapwa, kule mpakani, kumkagua mtu aliyehukumiwa kufagia zahanati badala ya kwenda jela. Hayupo! Afisa wake, Osward, akasema "ameenda msalani." Tukangoja weee. Msala gani huo, uko Zambia?

Basi Osward akatukaribisha kwake tule. Kuku wa kienyeji, Tuku. KAMATI YA RUSHWA. KUKU!

Akaja kaka mmoja na jagi na beseni, kachuchumaa, anatunawisha kwa adabu zote. Mwenyekiti wetu, mzee Efraimu, akamuuliza jina.

"Aliko Simkonda, mzee."

NDIYE! Yule yule wa zahanati! Kumbe anafagia kwa Osward, analisha nguruwe wa Osward, anapalilia mahindi ya Osward.

Na Osward anacheka, eti "huyu ni kama mdogo wangu." Mdogo wako!

Mzee Efraimu akakaza uso: "Kijana, una malalamiko yoyote juu ya afisa wako?" Anamuuliza mbele ya Osward, Tuku. Mbele yake!

Aliko akasema, "Sina, mzee. Ila adhabu yangu iliisha tangu Pasaka. Naomba kuuliza, nitaruhusiwa lini kurudi kwetu Ndalambo?"

Osward kaganda na kijiko cha mchuzi hewani.

Mzee Efraimu akarudisha mikono juu ya beseni: "Niongezee maji kidogo, sabuni haijatoka."