Kisanduku Kisichojua Kungoja

Jumapili, 25 Juni

Stenly kaondoka. Mpiga kinanda wetu wa pekee! Kaoa, kahamia Bitung kwa wakwe. Namtakia heri, na nimemkasirikia. Kinanda kimefunikwa shuka jeupe pale mbele ya kanisa, utadhani marehemu.

Leo nyimbo zote kaanzisha Oma Altje. Bibi ana miaka sabini na minne, kifua kama cha mashine ya kukoboa mpunga. Shida yake ni pa kuanzia. Wimbo wa kwanza kauanzia chini mno, wanaume wakawa wanaitafuta sauti chini ya mabenchi. Wa pili kauanzia juu, kina mama wakaimba wamesimamia vidole. Na mwendo wao, jamani! Kila mwisho wa mstari wanalishikilia neno la mwisho mpaka nasahau mstari ulihusu nini. Mwaka mzima niko hapa, sijazoea.

Kwa nini nisianzishe mwenyewe, si mimi ndiye mchungaji? Nilijaribu siku ya Pasaka. Oma Altje alinishika mkono baada ya ibada, kwa upole kabisa: Mchungaji, Mungu kakupa mahubiri, haya mengine tuachie sisi.

Jumanne, 27 Juni

Nimepata! Kanisa moja kubwa la mjini limeweka mtandaoni nyimbo mia mbili na arobaini — ala tupu, bila waimbaji — pamoja na karatasi za noti za muziki zilizoandikwa kwa namba. Bure. Juu wameandika: Kwa viongozi wa makanisa madogo yasiyo na wapiga ala. Nikaona kama nimeitwa kwa jina.

Ila hapa kijijini mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya banda la nguruwe la Noldy. Mchana kutwa nimekalia ndoo, simu juu. Noldy akapita, akaniuliza nguruwe wake wameshaokoka wangapi. Nikamwambia wote wako karibu kuliko yeye.

Narudi nyumbani nanuka, lakini nina nyimbo zote.

Jumapili, 2 Julai

Loo.

Nimeunganisha simu na kile kisanduku cha spika cha shule ya Jumapili, nikabonyeza kwa madaha. Nilichosahau kuwaambia ni kwamba muziki una utangulizi. Kinanda kulia mara moja tu, Oma Altje kaingia, na kanisa zima nyuma yake. Wimbo wenyewe ulipoanza rasmi sisi tuko mstari wa tatu. Ubeti wa pili kikatukuta, kikatupita. Ubeti wa nne ndio tunauanza — kisanduku kimya. Chenyewe kimeshafika nyumbani, kimevua viatu, kinakunywa kahawa. Sisi bado tuko njiani.

Mlangoni Oma Altje akanipa mkono. Mchungaji, huyo mgeni wako ana haraka sana, kaacha mgonjwa nyumbani?

Nimecheka. Lakini sishindwi mimi na kisanduku, ngoja tu.

Jumatano, 5 Julai

Ibada ya nyumbani, kwa Fentje. Sikukuu ya Shukrani ya mavuno ni tarehe 16. Mwaka huu karafuu imekubali, kwa hiyo kila nyumba itakuwa na wageni, mpaka kutoka mjini Tomohon. Mzee wa kanisa Jantje kaninong'oneza nisiwaaibishe mbele ya watu wa Tomohon. Basi nikawafanyisha mazoezi. Nikapiga makofi. Msiburute! Mwisho wa mstari, kata! Nikafika mpaka kusema kuburuta nyimbo ni uvivu wa kiroho. (Nilisema hivyo kweli? Nilisema.)

Fentje kafurahi — sasa, anasema, mtu ataimba na wali hautaungua. Watoto wake wameshika haraka kuliko wote. Oma Altje aliniangalia tu, akaendelea kumenya vitunguu vya mwenye nyumba. Hakutania hata kidogo. Nikadhani kachoka.

Jumapili, 9 Julai

Tumefika pamoja na kisanduku! Nyimbo nne, zote! Nilikaribia kucheza mimbarani. Jantje kanipigia saluti.

Opa Welly alitoka katikati ya wimbo wa pili. Ni kaka yake Oma Altje, ile sauti nzito ya benchi la mwisho. Hakurudi. Kikohozi, nadhani. Oma Altje mlangoni hakunipa mkono.

Jumatatu, 10 Julai

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Nimekwenda kumjulia hali Opa Welly. Nimemkuta barazani anachambua karafuu, akanikaribisha, akanimiminia kahawa. Huwa anaongea kwa mafungu tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya karafuu, mbavu zikatoboa pafu. Miaka kumi na moja sasa. Nikamuuliza jana vipi.

"Nyimbo zimekuwa nzuri, Mchungaji," akasema. Akapumua. "Zina mwendo." Akapumua tena. "Mimi nikifika neno la nne, wenzangu wako amina."

Akacheka, kikohozi kikamkamata. Akasema atazisikiliza kutoka hapo hapo barazani, upepo unazileta. Mtu aliyeimba kanisani tangu hajaota ndevu!

Getini nikamkuta Oma Altje, akanivuta mkono. Nilidhani atanitukana. Afadhali angenitukana. Kasema Jumapili ya kwanza Opa aliporudi kanisani baada ya kuanguka, pumzi ilimkatikia katikati ya mstari. Yeye Oma, bila kugeuka, akashikilia neno la mwisho mpaka kaka yake akafika. Waliokuwa karibu wakashikilia naye. Jumapili iliyofuata kanisa zima. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyemwambia mwenzake. Watoto wa Fentje wanajua wimbo ndivyo ulivyo.

Na mimi nikawaita wavivu. Nimeona aibu, aibu yenyewe hasa, ya masikio kuwaka moto.

Alhamisi, 13 Julai

Siku tatu nahangaika na simu. Kumbe unaweza kukipunguza kisanduku mwendo. Nikakipunguza — filimbi ikalia kama ng'ombe anayezaa. Nikajaribu wimbo mwingine, huo ukawa ng'ombe wawili. Na hata hivyo haisaidii. Kinakwenda polepole, lakini hakimngoji mtu.

Nimemwita Oma Altje jikoni kwangu, nikamwonyesha kitu kimoja tu. Nabonyeza, unatoka ule mlio wa kwanza, nazima. Hapo hapo ndipo pa kuanzia, si chini ya benchi wala darini. Kaimba. Sawasawa kabisa! Akarudia mara tatu, akazitazama zile karatasi za namba, akauliza aliyetengeneza haya ameoa?

Kwa hiyo Jumapili kisanduku kitatupa mlango, kuingia tutaingia wenyewe. Jantje hajui. Jantje kaazima spika kubwa kama kabati la nguo.

Jumamosi, 15 Julai

Mdomo uliponza kichwa.

Kijiji kizima moshi, wali unaiva kwenye mianzi kila ua. Nikaenda kwa Opa Welly kumwomba kesho aje. Akasema hapana, hataki kuwakwamisha watu mbele ya wageni. Nikasema — nilidhani nampa moyo! — Opa, hukwamishi mtu, miaka yote hii si huwa wanakungoja, kwani lini walichoka?

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Wananingoja?"

Hakuwa anajua. Miaka kumi na moja mzee wa watu anaamini kanisa hili linaimba tu hivyo! Anaamini anafika pamoja na wenzake kwa nguvu zake mwenyewe. Akauliza tena, taratibu. Sikuwa na uongo wa karibu. Akasema basi, asante Mchungaji, akaingia ndani. Ungo akauacha nje.

Oma Altje amekuja kwangu na aproni yake. Sisi tumefunga midomo miaka kumi na moja, wewe umeshindwa siku tano! Akakaa chini, akalia kidogo, akaomba kahawa. Tukanywa. Akasema kaka yake ana kiburi kuliko jogoo, na sasa hata akija atakaa kama gogo, kuimba haimbi tena mpaka kaburini.

Jumapili, 16 Julai

Naandika mimbarani. Nyuma ya Biblia kubwa, kwenye daftari hili, maana mahubiri yako kurasa za mwisho. Hakuna anayenitazama.

Kanisa limejaa mpaka madirishani. Wageni wa Tomohon safu mbili, nywele zimepakwa mafuta. Opa Welly KAJA. Kavaa koti lake jeusi, kakaa benchi la mwisho, mikono juu ya magoti. Mdomo kaubana kama mtoto anayepewa dawa.

Nilibonyeza. Mlio wa kwanza ukatoka kwenye lile kabati, nikazima. Jantje akanitolea macho. Oma Altje akaanza, pale pale penyewe, kanisa likaingia. Mstari wa kwanza. Neno la mwisho wakalishika.

Bado wamelishika.

Wageni wawili walirukia mstari wa pili, wakajikuta peke yao, wakanyamaza. Mmoja kafunua ukurasa, kaurudisha. Noldy kawa mwekundu kama pilipili. Wanapokezana pumzi — huyu anavuta, yule anabeba. Fentje analia huku anaimba. Watoto wake wanaona kawaida tu. Jantje kajisalimisha, naye anashikilia.

Oma Altje hajageuka nyuma. Hata mmoja hajageuka.

Opa Welly kainamisha kichwa. Anawasikiliza. Kajua, na wao wanajua kwamba kajua, na bado!

Kaangalia mlango.

Sasa kanyoosha mkono, kachukua kitabu cha nyimbo kwenye benchi la mbele. Anafungua. Analamba kidole, anatafuta ukurasa — taratibu, kama mtu aliye peke yake. Na hakuna anayeanza mstari wa pili.